Je, unatakiwa kulipia ili biashara yako ionekane Google? Maelezo kwa wafanyabiashara wa Masumbwe

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio tukiwa katikati ya kipindi cha asubuhi. Ulitoka kwa mama anayeendesha nyumba ya kulala wageni hapa Masumbwe. Alisema amepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakala wa Google. Mtu huyo alimwambia gesti yake "haina nguvu mtandaoni", na kwamba asipotuma shilingi 150,000 kabla ya saa kumi jioni itafutwa kwenye ramani na wageni hawataiona tena. Mama akamalizia kwa swali la maneno matatu: nitume au nisitume?

Tulimjibu hewani kwamba asitume. Lakini simu zilizofuata zilituonyesha kuwa swali hilo si lake peke yake. Fundi mmoja alikiri kuwa alishatuma. Mwenye duka la pembejeo aliuliza kama TRA ndio wanaosimamia Google. Mwingine alitaka tumtajie "ofisi ya Google ya Geita". Dakika za kipindi zikaisha kabla maswali hayajaisha, ndiyo sababu tumeona tuyaandike haya hapa kwa utulivu, ili msikilizaji aweze kuyasoma na kuyarudia.

Jibu lenyewe ni hili. Kuiweka biashara yako kwenye Google na kwenye ramani yake ni bure. Hakuna ada ya kuingia, hakuna ada ya mwezi, na hakuna ada ya "kutofutwa". Google wenyewe wanaeleza kwenye kurasa zao za msaada kwamba hakuna namna ya kulipia ili upandishwe juu kwenye matokeo ya kawaida ya eneo. Kinachouzwa ni matangazo, na tangazo huandikwa wazi kuwa limedhaminiwa. Ukilipia tangazo unaonekana kwa siku ulizolipia, basi.

Ni kweli kwamba mfumo wa Google wakati mwingine hupiga simu kwenye biashara, kwa mfano kuuliza saa za kufungua. Tofauti ni kwamba hauombi pesa, na haukuombi umsomee mtu namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako. Hilo la namba ndilo la kuogopa kuliko hata pesa. Mtu akizipata anaweza kujifanya yeye ndiye mwenye biashara yako, akabadilisha namba ya simu ikawa yake, na wateja wako wakawa wanampigia yeye. Ukipata simu au ujumbe wa namna hiyo, tuma ule ujumbe pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu. Ni bora kuliko kumtukana kisha kukata.

Sasa tunaweza kuzungumza la maana zaidi, kwa sababu yule tapeli alikuwa na jambo moja la kweli katika uongo wake: biashara nyingi za hapa hazionekani.

Sisi wenyewe tuliwahi kulipia somo hilo. Tulikuwa tunatoka Kahama jioni, rejeta ya gari letu ikatoboka tukiwa tumeshaingia Masumbwe. Kwa kuwa tulikuwa na haraka hatukushuka kuuliza watu. Tukachukua simu tukaandika "fundi rejeta karibu nami". Simu ikatuletea mafundi wa Kahama. Tukapiga, fundi akaja na pikipiki, tukalipa nauli yake ya kuja na kurudi juu ya gharama ya kuchomelea. Wakati anafungasha vyombo vyake, kijana mmoja wa bodaboda akatuuliza kwa mshangao kwa nini tumemtoa mtu Kahama wakati fundi rejeta yupo nyuma ya sheli, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Ana kibanda, ana gesi ya kuchomelea, na alikuwa amekaa hana kazi jioni ile yote. Watangazaji tunaojisifu kwamba tunaujua mji huu tulishindwa kumwona, sembuse dereva wa lori anayepita kwa mara ya kwanza.

Na wapitaji hao ni wengi. Masumbwe ipo kwenye barabara kuu inayotoka Kahama kwenda Ushirombo, Nyakanazi na hatimaye mpakani Rusumo. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapita hapa usiku na mchana. Kuna wanunuzi wa mpunga wanaokuja msimu wa mavuno, na kuna watu wa dhahabu: mwenye duara anayetafuta pampu ya kuvutia maji saa nane usiku, mwenye karasha aliyekatikiwa mkanda, mgeni anayetafuta matimba au jenereta ya kukodi. Huyu hana muda wa kuzunguka sokoni. Kila saa ambayo mashine imesimama anaihesabu kwa fedha. Atashika simu, na yule atakayeonekana kwenye simu ndiye atakayepata kazi.

Google inaamuaje nani aonekane?

Google ilianzishwa mwaka 1998 na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani kutafutia mambo kwenye intaneti. Kazi yake, kwa lugha ya kawaida, inafanana na ya karani mwenye daftari kubwa mno. Programu zake huzunguka mchana na usiku zikisoma kurasa za mtandaoni na kuandika kwenye daftari neno gani linapatikana wapi. Unapoandika swali, haianzi kuzunguka dunia wakati huo. Inafungua daftari lake. Kama humo hakuna fundi rejeta wa Masumbwe, haina namna ya kumbuni.

Lakini kwa biashara za mtaani kuna daftari la pili, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Ni rekodi za maeneo na biashara zilizopo kwenye ramani ya Google. Ukitafuta "gesti", "fundi" au "famasi", mara nyingi kinachotangulia ni ramani yenye majina matatu au manne ya biashara, kabla hata ya tovuti. Google wanasema upangaji wa majina hayo unategemea mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na alichoandika mtafutaji, ipo umbali gani kutoka alipo, na inafahamika kiasi gani.

Umbali huwezi kuubadilisha, na kwa fundi wetu wa nyuma ya sheli umbali ni faida tupu: mtu akiwa amekwama Masumbwe, hakuna fundi wa Kahama mwenye kumzidi ukaribu. Mawili yaliyobaki yapo mikononi mwako.

Kwenye kuhusiana, ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Biashara inaandikwa "Mungu ni Mwema Investment", picha hakuna, maelezo hakuna. Ni jina zuri, na kama ndilo lililopo kwenye bango lako basi liandike hivyohivyo. Ila Google haiwezi kujua kwamba Mungu ni Mwema Investment inauza spea za pikipiki. Hilo linasemwa kwenye sehemu ya aina ya biashara, na kwenye maelezo. Hapo andika kwa maneno ambayo mteja wako huyatumia mdomoni. Mteja haandiki "vipuri vya vyombo vya moto", anaandika "spea". Haandiki "huduma za malazi". Anaandika "gesti", na dereva anayetoka nje ya nchi anaandika kwa Kiingereza, wengine "lodge". Weka yote katika sentensi mbili tatu za kawaida. Kumbuka pia kwamba wengine hawaandiki kabisa. Tangu mwaka 2017 Google inasikia Kiswahili cha kuzungumza, na mtu aliyeshika usukani au mwenye mikono ya grisi atasema tu: mashine ya kukoboa mpunga Masumbwe.

Kuna wanaodhani ujanja ni kurefusha jina: "Spea Bora Bei Poa Masumbwe Kahama Geita Ushirombo". Usifanye hivyo. Kanuni zao zinataka jina la kwenye bango, na anayejaza maneno kwenye jina anaweza kusimamishwa, kisha akaanza kuhangaika kuomba arudishwe.

Namna ya kujiandikisha

Huduma hii ilianza mwaka 2014 ikiitwa Google My Business, na mwaka 2021 ikapewa jina jipya, Google Business Profile. Tunalitaja kwa sababu video nyingi za mafundisho bado zinatumia jina la zamani na watu huchanganyikiwa wakidhani ni vitu viwili. Unahitaji simu janja, bando la kawaida na anwani ya Gmail. Fungua programu ya Ramani za Google ukiwa umeingia kwa Gmail yako, kisha tafuta kwanza jina la biashara yako. Usiruke hatua hii. Inawezekana mteja fulani alishaiweka biashara yako bila wewe kujua, na kinachotakiwa ni kuidai iwe yako, si kuunda nyingine. Zikiwa mbili, maoni ya wateja yanagawanyika na mgeni hajui aipigie ipi.

Kama haipo, ongeza: jina, aina, simu, saa za kufungua, picha, na mahali. Hapo kwenye mahali tutakaa kidogo.

Wilaya ya Mbogwe na Mkoa wa Geita ni vya mwaka 2012. Kabla ya hapo Masumbwe ilikuwa Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Shinyanga, na si ajabu kukuta ukurasa wa zamani mtandaoni ambao bado unaandika hivyo. Mtu aliyeko Dar es Salaam akisoma huku "Shinyanga" na kule "Geita", anadhani ni sehemu mbili. Kwa hiyo andika Masumbwe, Mbogwe, Geita, na uandike hivyohivyo kila mahali: Facebook, kadi za biashara, risiti, bango. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi, barabara na mitaa ikapewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Wengi waliitazama ile namba wakadhani ni ya sensa, ikaishia hapo. Ile ndiyo anwani yako. Iandike.

Lakini anwani peke yake haimfikishi mgeni mlangoni; kinachomfikisha ni alama ya lokesheni. Tumeona biashara nzuri ambazo alama zake zimeangukia katikati ya shamba la mtu. Sababu huwa ni moja: mwenye duka alijiandikisha akiwa nyumbani kwake usiku, simu ikachukua alipo. Nenda dukani mchana, washa lokesheni, sogeza ile alama mpaka ikae juu ya paa lako. Na kama mtaani kwenu hakuna jina la barabara linaloeleweka, ramani hiyo ina msimbo unaoitwa Plus Code: herufi na tarakimu chache zenye alama ya kujumlisha katikati. Kila mahali duniani pana wake, hata kibanda kilichoko machimboni. Unaweza kumtumia mteja kwa ujumbe wa kawaida akaufungua kwenye ramani.

Kwa fundi anayefuata kazi kwa wateja, au dada anayeoka keki nyumbani kwake, si lazima kuonyesha unapoishi. Kuna sehemu ya kusema unahudumia maeneo gani, na anwani ikafichwa. Kwa wanaoishi peke yao tunashauri waitumie hiyo. Na kwa wanunuzi wa dhahabu: picha ya bango na ya mlango inatosha. Picha ya mzani wenye mzigo juu yake inawavutia pia watu usiowataka.

Hatua ya mwisho ni uthibitisho, ambayo ndiyo huwakatisha watu tamaa. Siku hizi mara nyingi Google wanaomba video fupi isiyokatwakatwa: uonyeshe mtaa ulipo, bango lenye jina, kisha jambo linalothibitisha kuwa wewe ndiye mwenye mamlaka pale, kama kufungua mlango kwa ufunguo wako au kuingia nyuma ya kaunta. Asiye na bango hupata shida hapa. Bango si lazima liwe la gharama. Liwe na jina lile lile uliloandika. Baada ya kutuma unasubiri, na wakati mwingine inakataliwa unarudia. Mtandao ukisumbua, rekodi asubuhi na mapema.

Sasa onyo ambalo tungependa lisisitizwe kuliko mengine. Usimwachie kijana wa steshenari akujisajili kwa Gmail yake. Tunajua ndivyo inavyofanyika: unampa elfu tano, anakumalizia kila kitu, wote mnafurahi. Miezi sita baadaye kijana amehamia Katoro, wewe umebadilisha laini ya simu, na kwenye Google namba iliyopo ni ile ya zamani ambayo haipatikani. Huwezi kuibadilisha kwa sababu mwenye biashara, kwa macho ya Google, ni yeye. Kuna njia ya kuomba umiliki, ambapo aliyeko anapewa siku chache za kujibu, ila ni usumbufu ambao ungeepukika. Mlipe kijana akufundishe, lakini Gmail iwe yako, na neno la siri liandikwe mahali unapopajua. Mtoto wako au mfanyakazi unaweza kumwongeza kama meneja. Umiliki ubaki kwako.

Maoni na nyota

Hili ndilo jambo la tatu, kufahamika. Google huangalia, pamoja na mengine, watu wangapi wametoa maoni na wametoa nyota ngapi. Wafanyabiashara wetu wana aibu ya kuomba maoni, ingawa hawana aibu ya kuomba nauli ya fundi. Mteja akiridhika, mwambie: naomba uniandikie kwenye ramani. Hatakataa. Kununua maoni, au kumpa mtu soda ili aandike nyota tano, ni kinyume cha kanuni zao na maoni hayo yanaweza kuondolewa.

Ukipewa nyota moja, jibu. Usigombane. Mwenye gesti mmoja alitusomea maoni aliyopewa kwamba maji ya kuoga yalikuwa ya baridi. Alitaka kujua namna ya kuyafuta. Tukamwuliza: yalikuwa ya baridi? Akacheka, akasema hita ilikuwa imeungua wiki ile. Basi andika hivyo hivyo, kwamba hita iliungua na imetengenezwa. Maoni ya uongo au ya matusi unaweza kuyaripoti. Ya kweli hayafutwi kwa ombi wala kwa pesa, na anayekuambia atayafuta kwa malipo anakuibia.

Kuhusu hofu ya kodi iliyoulizwa hewani: Google si TRA wala TRA si Google. Hata hivyo tusidanganyane, kitu kilichoko kwenye ramani kinaonekana na kila mtu. Kama una leseni ya halmashauri na TIN, huna cha kupoteza. Kama huna, anza huko kwanza, maana hata mteja mkubwa wa mgodini atakuomba risiti.

Je, hii ni kwa kila mtu? Kwa maoni yetu, hapana. Mama lishe mwenye meza pale stendi, ambaye wateja wake ni walewale makondakta na bodaboda, hatapata mengi kwa kuhangaika na video ya uthibitisho. Wateja wake wanamfuata kwa harufu ya samaki. Lakini mwenye gesti, famasi, karakana, duka la spea, mashine ya kukoboa, mtu wa pampu na majenereta, hao wanategemea wageni, na mgeni hajui harufu ya mahali.

Wengi walituambia tayari wapo WhatsApp. Ni vizuri, endeleeni. Ila stetasi ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, na huonwa na wenye namba yako tu. Aliyekwama barabarani hana namba yako. Tovuti nayo ni nzuri kwa anayeuza mbali, mfano mnunuzi wa mpunga anayetafuta wateja wa Mwanza au Dar es Salaam, jina lenye.co.tz linamtambulisha kuwa yupo Tanzania. Zingatia tu kwamba zile tovuti ndogo za bure zilizokuwa zikitengenezwa ndani ya Google Business zilifungwa mwezi Machi 2024, kwa hiyo atakayekuahidi hiyo anauza kitu ambacho hakipo.

Na Google si ramani pekee. Kuna OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza mahali bila kuomba ruhusa. Inatumiwa na programu nyingine za simu, baadhi zikifanya kazi bila bando, jambo linalowasaidia madereva sehemu zisizo na mtandao. Hapa nchini watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakiitumia tangu mwaka 2015 kuchora vijiji vilivyokuwa havimo kwenye ramani yoyote. Ukishamaliza Google, ongeza duka lako na huko.

Yule mama wa gesti alikuja kituoni siku mbili baadaye, na simu yake mkononi. Tulitafuta jina la gesti tukaikuta ipo, imewekwa na mgeni fulani zamani, ikiwa na picha moja ya kitanda na nyota nne. Hakuwahi kujua. Alama yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya kanisa. Aliidai, akarekodi video yake kesho yake asubuhi akifungua geti kwa ufunguo, na uthibitisho ukakubaliwa kwa mara ya pili baada ya ule wa kwanza kukataliwa kwa sababu bango lilikuwa gizani. Lile kanisa nalo sasa limebaki bila alama, na mchungaji ametuomba tumsaidie.